Susafoni inaniumiza mdomo na shingo: ninunue mausipisi kubwa zaidi?

BesiMpya:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nimepiga tromboni miaka sita. Miezi mitano iliyopita mpiga susafoni wetu (lile tyuba kubwa la besi linalovaliwa begani) alihama, na zigo likaniangukia mimi. Sikunung'unika hata kidogo, maana sauti ya chini naipenda tangu zamani. Tatizo ni mwili. Mazoezi yakifika dakika ya ishirini mdomo wa juu unakufa ganzi, pembe za mdomo zinatetemeka, na noti zilizokuwa zinatoka vizuri zinageuka hewa tupu. Nikivua chombo na kujitazama kwenye simu naona alama nyekundu kama mwezi mwandamo kwenye mdomo wa juu. Mdomo wa chini karibu hauna kitu. Shingo nayo inakaza upande wa kushoto mpaka kesho yake.

Mausipisi (kile kipande cha kupulizia) ninayotumia niliikuta ndani ya sanduku la susafoni. Fedha imelika kwenye ukingo, upande mmoja shaba ya njano inaonekana, na maandishi yamefutika kwa hiyo saizi yake siijui. Nikipima kwa rula, kipenyo cha ndani kinakaribia milimita 31. Mwenzangu mmoja ananiambia ninunue kubwa kuliko zote, eti kikombe kikiwa kipana hakibani midomo na sauti inajaa. Mwingine anasema nivumilie tu, mdomo utaota sugu.

Jambo moja zaidi: mimi ni mfupi, mita 1.58, na aliyenitangulia alikuwa mrefu kwelikweli. Vile vibomba viwili vilivyopinda kati ya shingo ya susafoni na mausipisi sijawahi kuvigusa, vimekaa kama alivyoviacha. Sijui kama hilo lina uhusiano wowote.

Naomba mnishauri kabla sijatoa pesa.

ValvuYaTatu:

Habari za sugu achana nazo kabisa. Mdomo si kiganja cha mkulima. Ukiuzoesha maumivu hauwi imara, unapoteza hisia tu, na bila hisia huwezi kuongoza noti.

Kuhusu ukingo uliolika: mimi nilikuwa na muwasho na vipele vidogo vya duara kila baada ya mazoezi, kumbe ngozi yangu haipatani na shaba tupu. Nikahamia mausipisi ya plastiki, vipele vikaisha ndani ya wiki. Plastiki ina faida nyingine, haichomi kwenye jua kali wala haigandishi mdomo asubuhi ya baridi. Kwa sikio langu sauti inapungua makali kidogo mwanzoni mwa noti, lakini kwa gwaride sijali. Kama unapenda chuma, ipo iliyopakwa fedha upya au dhahabu. Ila hiyo ya njano iweke pembeni.

PumziNdefu:

Marahaba, binti. Pole kwa maumivu, na hongera kwa kulipokea zigo bila kinyongo. Bendi isiyo na besi ni nyumba isiyo na msingi, na wanaokubali kuubeba ni wachache.

Usinunue kitu bado.

Kilichonisimamisha katika maelezo yako si ile milimita 31, ni ule mwezi mwandamo. Mausipisi ikikaa sawasawa inaacha duara, jepesi juu na jepesi chini. Alama ikiwa juu tu, ukingo wa juu unachimba na wa chini unagusagusa. Maana yake mausipisi inakuangalia kutokea juu, imeinama kama bomba la maji linalomwagia ndoo. Na hapo urefu wa mtangulizi wako unaingia. Shingo ile iliwekwa kwa ajili ya uso uliokuwa juu kuliko wako. Ukiinua kidevu kuifuata, shingo yako ndiyo inayolipa. Ukishusha kichwa usome karatasi ya muziki, mdomo wa juu ndio unaolipa. Siku nzima unahama kati ya deni hili na lile.

Mdomo wa juu ndio unaofanya kazi kubwa ya kutetemeka. Ukiubana, damu haipiti vizuri, ganzi inaingia, noti inakatika. Kinachofuata nakijua kwa sababu nimekipitia: unabana zaidi ili noti irudi. Inarudi, kwa dakika mbili.

Nikueleze yaliyonipata. Mwaka wangu wa tatu nilipewa susafoni ambayo skrubu ya kukazia shingo ilikuwa imekwisha meno. Kwenye gwaride, kila mguu wa kushoto ulipokanyaga, shingo ilicheza na mausipisi ikanigonga. Nilijifunza kuizuia kwa kuivuta usoni kwa mkono wa kushoto. Nikaona nimepata suluhisho. Baada ya miezi mitatu hivi mdomo ulivimba ndani, pale unapokutana na meno, na noti ndefu ya F ya chini, ambayo hata mwanafunzi wa wiki mbili anaishikilia, mimi ikanishinda. Daktari alinipumzisha wiki sita. Wiki sita za kukaa pembeni nikiwasikiliza wenzangu, nikiwa na skrubu mpya mfukoni. Ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu. Sitaki yakukute.

Sasa fanya hivi. Legeza skrubu ya shingo. Vile vibomba viwili vitoe kwa kuzungusha taratibu huku unavuta. Vikiwa vimeng'ang'ania, na nadhani vitakuwa vimeng'ang'ania, usitie koleo. Shaba yake ni nyembamba, itabonyea au kupasuka kwenye ungio. Mpelekee fundi wa vyombo. Vikitoka, vioshe ndani nje kwa maji ya vuguvugu na sabuni, vikaushe, upake grisi kidogo sana kwenye maungio. Harufu utakayokutana nayo isikushangaze, kama havijaoshwa tangu enzi za huyo bwana mrefu.

Halafu vaa susafoni bila vibomba na bila mausipisi. Simama mbele ya kioo. Tanua miguu kidogo, shusha mabega, tazama mbele kana kwamba unamsikiliza mtu wa kimo chako. Uzito wote uache ukae kwenye bega la kushoto. Ndivyo chombo hiki kilivyokusudiwa tangu mwanzo: mtengenezaji wa vyombo J. W. Pepper alipoitengeneza susafoni ya kwanza mwaka 1893 kwa wazo la John Philip Sousa, kiongozi wa bendi wa Marekani, ilikuwa ni besi ya kuzungushwa mwilini, bega likabeba na mikono ikabaki na kazi yake. Mdomo haukupewa kazi ya kubeba chochote. Kisha, bila kusogeza kichwa, rudisha vibomba kimoja kimoja ukivizungusha. Kimoja kinapeleka juu na chini, kingine kinapeleka kulia na kushoto, na vikifanya kazi pamoja utaweza kuifikisha mausipisi karibu popote. Funga macho. Ivute shingo ya susafoni mpaka ukingo wa mausipisi uguse midomo yote miwili kwa wakati mmoja. Fumbua macho. Kama kidevu kimepanda au kichwa kimegeukia kushoto, bado. Rudia. Mimi kwa mwanafunzi mpya natumia hata nusu saa hapa, na sijawahi kuona ni muda uliopotea.

Tahadhari mbili. Usivichomoe vibomba hadi vishikiliwe na ncha tu, hewa itavuja na utaanza kupuliza kwa nguvu bila kujua kwa nini. Pia watu wafupi hushawishika kuondoa kibomba kimoja ili mausipisi isogee karibu. Inawezekana, lakini bomba likifupika noti zote zinapanda, na itabidi uvute slaidi ya kusawazishia sauti ili urudi chini. Jaribu kwanza na vyote viwili.

Ukishaviweka, tia vibomba alama kwa kalamu isiyofutika, mstari mdogo kwenye kila ungio. Siku vikizungushwa kwa bahati mbaya utajua pa kurudi.

Jaribio la mwisho, na hili ndilo nalipenda kuliko yote: piga B flati ya katikati, noti ndefu, sauti ya wastani. Noti ikiwa inaendelea, uachie mkono wa kushoto ushuke pembeni ya paja. Noti ikibaki palepale, uko salama. Ikikatika au ikififia, basi ulikuwa unaivuta susafoni usoni kwa mkono huo. Hakuna mausipisi duniani itakayokuponya na mkono wako mwenyewe.

Ya mausipisi tutazungumza ukishamaliza hayo.

MamaBesi:

Nakubaliana na PumziNdefu neno kwa neno, naongeza la bega na la pumzi.

Dada yangu, susafoni ya shaba inaweza kupita kilo 12. Za fibaglasi ni nyepesi kwa kilo kadhaa, kwa hiyo kama bendi yenu inayo, omba utumie hiyo kwenye mazoezi ya kutembea. Kama haipo, weka kitambaa kinene au sponji pale bomba linapokalia bega. Mimi nilishona mfuko mdogo wa sponji, nikaufunga kwenye bomba kwa mkanda wa kunasa. Kumbuka tu kwamba sponji inakuinulia chombo kidogo, kwa hiyo iweke kabla hujarekebisha shingo na vibomba, usije ukaanza upya. Na kila mkisimama kupewa maelekezo, kitue. Wengi wanabaki nacho begani dakika kumi wakimsikiliza kiongozi, hizo dakika ndizo zinazoua shingo.

Pumzi: umetoka kwenye tromboni, umezoea hewa yenye msukumo. Huku chini hewa ni nyingi, ya polepole na ya joto, kama unapasha viganja. Hewa ikipungua mdomo unajaribu kufidia kwa kubana, na wewe unadhani mdomo ndio dhaifu. Vuta kwa pembe za mdomo, mpaka ubavuni, mapema kabla ya kishazi (kipande cha wimbo cha pumzi moja). Ukisikia kizunguzungu acha, kaa chini. Hakimaanishi unafanya kazi kwa bidii.

Ganzi ikikuingia, kwa ruhusa yangu punguza noti. Cheza zile za mapigo mazito, ziache za katikati. Bendi itasimama.

BesiMpya:

Narudi baada ya wiki mbili, nina mengi.

Vibomba vilikuwa vimeganda kweli. Fundi alivitoa kwa dakika tano, mimi ningevivunja. Mausipisi niliyoikuta, kumbe mkia wake umebonyea, si duara tena, ulikuwa unacheza ndani ya kibomba na hewa ikivuja pembeni. Nilikuwa nikiisikia sauti ya "ssss" nikidhani ni mimi.

Kurekebisha mbele ya kioo kulinichukua jioni nzima. Nilipofumbua macho mara ya kwanza kidevu kilikuwa juu kama mtu anayetafuta ndege angani, na nilikuwa na hakika kwamba nimenyooka. Mwishowe vibomba vimekaa vimezunguka karibu robo duara kutoka vilivyokuwa. Robo duara! Miezi mitano nimekuwa nikipigana na robo duara.

Jaribio la mkono wa kushoto nilianguka. Noti ilikatika palepale. Nimekuwa nikilifanya kila siku kabla ya mazoezi, na juzi kwa mara ya kwanza noti ilibaki. Ilitetemeka kidogo, lakini ilibaki. Nilisimama pale na mkono umening'inia nikaogopa hata kuumaliza mlio.

Alama sasa ni duara. Ganzi haiji dakika ya ishirini, inakuja mwishoni kabisa, kama saa moja hivi. Shingo imepoa kabisa.

Sasa PumziNdefu, uliahidi ya mausipisi. Ile ya sanduku siwezi kuendelea nayo kwa sababu ya mkia. Nimeazimwa Bach 24AW ya mwenzangu wa bendi nyingine, na kuna mtu yuko tayari kuniazima Bach 18 na Helleberg. Nichagueje?

PumziNdefu:

Binti, umenifurahisha mpaka nimemsomea mke wangu habari ya kidevu na ndege.

Hizo tatu ni mwanzo mzuri maana zinatofautiana waziwazi. Bach 24AW ina kipenyo cha ndani cha milimita 31 na robo, ukingo mpana. Ndiyo mara nyingi inayokuja ndani ya sanduku, na huenda yako ilikuwa ya jamii hiyo. Ukingo mpana unautawanya mgandamizo, mdomo unapata nafuu, lakini pia unaufunika mdomo, na wengine huona kuruka kutoka noti ya chini hadi ya juu kunakuwa kuzito. Bach 18 ina nafasi zaidi ndani, milimita 32 na nusu hivi, na ukingo wa wastani. Helleberg imepewa jina la August Helleberg, mpiga tyuba aliyepiga katika bendi ya Sousa mwenyewe. Kikombe chake kirefu kama faneli, sauti yake ina kiza kizuri, ila ukingo ni mwembamba. Ukingo mwembamba haumsamehi anayebana. Miezi mitano iliyopita ungekuchinja. Leo, kwa mkono wako wa kushoto ulioanza kutii, unaweza kuijaribu.

Kuhusu ile kubwa kuliko zote ya mwenzako: umetoka kwenye tromboni ambayo kikombe chake ni kama milimita 25. Umeshapanda sana kufika hapo ulipo. Kikombe kikubwa zaidi kinataka hewa zaidi na pembe za mdomo zenye nguvu zaidi, na pembe zako ndizo ulizosema zinatetemeka. Sauti itajaa dakika kumi, halafu utaanza kubana, na tutarudi kwenye mwezi mwandamo.

Namna ya kujaribu. Usiziweke zote tatu mezani ukabadilisha kila dakika, midomo itachanganyikiwa na ya kwanza kushikwa itaonekana nzuri kwa sababu ulikuwa hujachoka. Ipe kila moja siku tatu au nne. Hukumu usiitoe mwanzoni mwa mazoezi, itoe kwenye wimbo wa mwisho, mdomo ukiwa umechoka. Chagua kishazi kimoja kinachoshuka mpaka F ya chini na kupanda tena, kipige hichohicho kila siku mwishoni. Sikiliza mwanzo wa noti: unaanza pale unapotaka, au kuna hewa kwanza? Kisha vua, jitazame alama, hesabu inachukua muda gani kufutika. Andika kwenye daftari. Mimi yangu nilikuwa naandika maneno matatu tu: mwanzo, chini, alama.

Kabla ya yote, angalia mkia. Ingiza mausipisi kwa kuizungusha kidogo, iingie sentimita mbili na ushee, ishike bila kucheza. Mikia ya Ulaya ni minene kuliko ya Marekani, na susafoni nyingi zinapokea ya Marekani. Ikikataa kuingia au ikitokeza nje sana, hiyo si yako hata ukingo wake uwe mtamu vipi. Usiigonge kwa kiganja ili iingie, ndivyo zinavyokwama.

Na ile ganzi ya saa moja iliyobaki, nadhani haitokani na chombo. Mnapumzika mara ngapi?

BesiMpya:

Hatupumziki. Kiongozi anaunganisha nyimbo.

MamaBesi:

Basi mwambie, dada. Au mje wawili na wa tromboni mumwambie pamoja, nao wanaumia wananyamaza. Dakika tano kila baada ya dakika ishirini na tano, chombo chini, midomo ipulizwe kama farasi. Mimi kwetu nilipoomba hilo nilidhani nitakataliwa. Kiongozi aliniuliza tu kwa nini sikusema siku zote.

BesiMpya:

Nimemwambia leo. Amekubali kwa majaribio, wiki hii na ijayo. Nimeanza na Bach 18, siku ya kwanza. Daftari: mwanzo safi, chini kuna hewa kidogo kwenye F, alama imefutika kabla sijamaliza kufunga sanduku.